Kibanda cha nyimbo za marehemu nyuma ya soko la Kenya, Lubumbashi

Mwimbaji Tshala Muana alipofariki Kinshasa tarehe 10 Desemba 2022, sisi wa Lubumbashi, mji wa Kongo aliozaliwa mwaka 1958, tulifiwa bila maiti ya kulilia wala matanga ya kukalia. Jirani yangu ndiye aliyenielekeza kwenye kibanda kimoja nyuma ya soko la Kenya, mtaa wa mji wetu wenye jina sawa na la nchi ile, ambako mzee mmoja hunakili nyimbo za zamani kwenye flashi. Tangu siku hiyo nimekwenda mara nyingi.

Vibanda vya kunakili nyimbo ni vingi mjini, na karibu vyote hukupa nyimbo zisizo na jina wala mwaka, nyingine zimekatwa kabla sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, halijakolea. Mzee huyu ana daftari la jalada gumu ambamo kila marehemu ana ukurasa wake, na huunakili kwa mkono ukurasa huo ili uondoke nao pamoja na nyimbo. Katika ukurasa wa mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda nilisoma kwamba alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, kwamba mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, na kwamba alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia mwaka 1990. Kisha mzee alifuta sahani ya santuri kwa kipande cha kitenge, akaniambia, «Keti kwanza, mwanangu,» nasi tukasikiliza wimbo hadi mwisho, kidole gumba cha Bosco kikitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikiimba juu yake, kabla hajakubali kupokea fedha yangu.

Heshima yake niliiona wazi zaidi siku kijana mmoja alipomwomba video ya mwimbaji Papa Wemba akianguka jukwaani Abidjan, tarehe 24 Aprili 2016. Mzee alikataa katakata, akamuuliza, «Baba yako akianguka, utauza picha yake?» Kijana aliomba radhi, akachukua nyimbo. Naona mzee alifanya haki, kwa maana mtu aliyetuimbia kwa zaidi ya miaka arobaini hastahili kukumbukwa kwa dakika yake ya mwisho.

Kasoro zipo. Spika moja inakwaruza, na umeme ukikatika kazi husimama. Mara moja nilisubiri tangu adhuhuri hadi magharibi. Waandishi nao hawakupata sehemu yao: V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville aliyefundisha chuo kikuu mjini hapa katika miaka ya 1970 na kufariki Marekani mwezi Aprili 2025, ana ukurasa mzuri daftarini, lakini kitabu chake hata kimoja hakimo kibandani. Linalonisumbua kuliko yote ni kwamba familia za wasanii hazipati chochote kutokana na nakala hizi. Nilimuuliza mzee, naye alikiri bila kujitetea. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kununua nakala halali popote inapopatikana, ainunue, hata kama ataendelea kuja hapa kwa ajili ya daftari.

Nenda asubuhi, umeme ukiwapo, na uchukue flashi tupu. Usianze kwa kuuliza bei, kwa sababu mzee atataka kujua kwanza unamlilia nani.