Dream Theater: Images and Words au Scenes from a Memory?

Mashabiki wakianza kupanga albamu za Dream Theater, bendi ya Marekani ya progressive metal (metali yenye nyimbo ndefu na midundo tata), nafasi ya kwanza huwa inagombewa na hizi mbili.

Images and Words (1992) ina nyimbo 8, kama dakika 57, na ndiyo ya kwanza kwa mwimbaji James LaBrie. Kila wimbo unajitegemea, kwa hiyo mgeni aanzie hapa. Kasoro yake ni snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali kwenye seti ya ngoma: kila pigo liliwekewa sauti ya kompyuta, basi fimbo iguse taratibu au kwa nguvu, mlio ni uleule. Sikiliza pale gitaa linapotulia, utaudhika. Na wimbo wa Pull Me Under ukikatika ghafla mwishoni, usilaumu faili, ndivyo ulivyorekodiwa.

Scenes from a Memory (1999) ni hadithi moja ya mauaji na maisha yaliyopita, imegawanywa katika matendo mawili kama tamthilia, dakika 77. Jordan Rudess ndipo alipoingia kwenye kinanda. The Dance of Eternity, ala tupu kwa dakika sita hivi, hubadilisha hesabu ya mdundo zaidi ya mara 100. Ukijaribu kuhesabu kwa mguu utapotea mapema. Zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo na ondoa mwanya kati yake, maana zimeunganishwa.

Kwa utunzi wa wimbo mmoja mmoja, ya 1992 inashinda. Kwa albamu nzima, naipa ya 1999, ingawa wimbo wa Metropolis Part I, mbegu ya hadithi yake yote, umo kwenye ile ya 1992.