Pikipiki ya zamani kwa pesa kidogo: zipi za kununua, zipi za kukimbia

Swali ambalo watu huanza nalo ni "ninunue chapa gani?" Mimi naanza na jingine: ukishailipia, utabaki na kiasi gani mfukoni? Pikipiki yenye miaka kumi na tano au ishirini haimaliziki kulipiwa siku unayopewa funguo. Bado kuna matairi, betri, cheni na sproketi zake, pedi za breki, kebo ya klachi. Vyote hivyo huchakaa, na muuzaji mara nyingi anauza kwa sababu ameona vinakaribia kuisha kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo gawa pesa yako kabla hujaenda kuangalia chochote: asilimia 70 iwe ya kununulia pikipiki yenyewe, 30 ikae pembeni. Kama ile 70 hainunui unachokitaka, shuka daraja. Ile 30 usiiguse.

Hapa chini nimezipanga kuanzia ile ambayo ningemchagulia mdogo wangu hadi ile ambayo singeichukua hata kwa kupewa.

1. Silinda moja ndogo, 100 hadi 150cc, inayopozwa na hewa

Hazina mvuto, najua. Lakini kwa bajeti ndogo hakuna inayozikaribia. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilibuniwa kwa ajili ya watu wanaosahau matengenezo: vali zake (milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi) zinasukumwa na vijiti badala ya kamshafti (mhimili wa kuzifungua) ya juu yenye cheni ya taimingi, kwa hiyo kuna kitu kimoja pungufu cha kulegea na kupiga kelele. Suzuki GN125 na Yamaha YBR125 ni za ukoo uleule wa unyenyekevu. Honda Super Cub ipo tangu 1958, na kufikia 2017 familia yake ilikuwa imezalishwa kwa idadi ya milioni 100. Idadi kama hiyo maana yake ni moja tu kwako mnunuzi: vipuri vipo, na fundi wa kwanza utakayekutana naye ameshaifungua nyingine kama yako.

Ubaya wake ni kwamba nyingi zimefanya kazi ya punda. Imebeba abiria wawili na magunia kwa miaka, na mita ya kilomita haikwambii hilo; mara nyingi hata haifanyi kazi. Soma mahali pengine. Mpira wa kukanyagia umelika hadi chuma kinaonekana? Chini ya keria kuna alama za kuchomelewa? Shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia: likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Hayo si mwisho wa dunia, kwa sababu kwenye pikipiki hizi karibu kila ugonjwa una dawa ya bei nafuu. Ndiyo maana ziko namba moja.

2. Silinda mbili za 500cc, zile za miaka ya 1990

Kama safari zako ni za barabara kuu na ile ya 125 inakuacha ukihema pembeni ya malori, tafuta hizi. Suzuki GS500 ilianza 1989 na inapozwa na hewa, hivyo hakuna rediata ya kuvuja. Honda CB500 ilifuata 1993, inapozwa na maji, na kwa maoni yangu ndiyo injini yenye subira kuliko zote za daraja lake. Kabureta ni mbili badala ya moja, kwa hiyo gharama inapanda, ila haijawa ya kutisha. Uliza tu kabla ya kununua kama vipuri vinapatikana kwa fundi wako. Usijibiwe na muuzaji, muulize fundi.

3. Silinda moja kubwa, zile ndefu za barabara mbovu

Yamaha XT600, Suzuki DR650, Kawasaki KLR650. Ni imara, na hutengenezeka hata kwa vifaa vichache. Tatizo ni maisha ziliyopitia. Inama uangalie chini ya injini kama kuna mahali palipopasuka na kuzibwa. Chukua bisbisi, gonga spoki moja moja: zinapaswa kulia mlio unaofanana, na yenye sauti butu imelegea. KLR650, ambayo ilianza 1987, ina ugonjwa unaojulikana: kile kikono kidogo kinachokaza cheni ya mizani (vizito vya kupunguza mtetemo) ndani ya injini huvunjika. Kama mwenye nayo anajua kuhusu kikono hicho na amekibadilisha, huyo ni mtu anayeijua pikipiki yake. Kama anakukodolea macho, punguza bei au ondoka.

4. Silinda nne za mbio, 600cc na kuendelea

Hapa ndipo vijana wengi huumia. Bei yake huwa inakaribiana na ile ya 500 ya unyenyekevu, na unajiuliza kwa nini mtu aache farasi achukue punda. Ni kwa sababu farasi anakula. Za zamani zina kabureta nne zinazotakiwa kuwianishwa, vali 16 za kupimwa, matairi yanayoisha upesi, na maganda ya plastiki ambayo ni lazima uyavue kabla hata hujaiona plagi. Halafu nyingi zimewahi kuanguka. Angalia ncha za usukani, ncha za mikono ya breki na klachi, na ncha za vikanyagio: zikiwa na mikwaruzo ya upande mmoja, ililala. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, uangalie vile vinundu vinavyouzuia kwenye fremu. Vikiwa vimebonyea au kukatika, ilianguka vibaya. Na ukiona plastiki mpya inang'aa juu ya pikipiki kuukuu, jiulize ya zamani iliishia wapi.

5. "Hii ni ya kuosha kabureta tu, bosi"

Niliwahi kuambiwa maneno hayo, nikayaamini. Pikipiki ilikuwa imekaa bandani miaka miwili, bei ilikuwa karibu nusu ya ile nzima niliyoiacha siku moja kabla. Fundi akaosha kabureta, ikawaka, nikashangilia. Siku ya tatu ikazima barabarani. Tulipofungua tanki na kumulika kwa tochi, kulikuwa na kutu chini kama masalia ya chai kwenye kikombe, na kila nikiendesha ilikuwa inateremka kwenye kabureta. Tanki likasafishwa. Kisha betri ikawa haichaji. Kisha oili sili za forki, zilizokauka kwa kukaa, zikaanza kuvuja. Nilipojumlisha, nilikuwa nimeipita bei ya ile nzima, na miezi mitatu nilikuwa nikitembea kwa miguu.

Kama kweli ni ya kuosha kabureta tu, muuzaji angeiosha na kuuza kwa bei kamili. Isiyowaka ihesabu kuwa imekufa injini, na ulipe bei ya vipuri.

Za injini ya viharusi viwili (two-stroke) sijazipa namba. Ni tamu kuendesha, lakini ni za mtu mwenye pikipiki nyingine ya kumpeleka kazini.

Siku ya kwenda kuiangalia

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameipasha makusudi, kwa sababu pikipiki inayosumbua asubuhi huwa na adabu ikishapata joto. Kaa, ongea mambo mengine hadi ipoe, au urudi siku nyingine.

Ikiwashwa, simama nyuma utazame ekzosi. Moshi wa bluu maana yake inaunguza oili: ringi au sili za vali zimechoka. Mweusi ni mafuta kuzidi kiasi cha hewa inayoingia, na mara nyingi hilo hurekebishika. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida, ila usipokoma kwenye injini ya maji baada ya kupata moto, maji yanaingia yasikotakiwa.

Beba multimita ndogo. Betri nzima iliyotulia husoma kama volti 12.6. Vuta mafuta kiasi, isome tena: ikiwa kati ya 13.5 na 14.5, inachaji vizuri. Ikibaki 12 na kitu, kuna kasoro kwenye waya, rektifaya au koili za kuchajia, na umeme wa pikipiki ya zamani unaweza kumaliza ile asilimia 30 yote.

Matairi yana tarehe ubavuni. Tafuta tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye vina virefu lakini limepita miaka kumi ni gumu kama ubao kwenye mvua. Lihesabu kuwa la kubadilisha. Vuta cheni kwa nyuma kutoka kwenye sproketi kubwa: ikinyanyuka hadi nusu ya jino ionekane, imekwisha, na meno yaliyolala kama ndoano yanasema hivyohivyo.

Ukiruhusiwa kuiendesha, weka giya ya pili, vuta mafuta kwa nguvu. Giya ikichomoka yenyewe, mshukuru muuzaji kwa ukarimu wake na urudishe funguo, maana kuirekebisha ni kupasua injini nzima.

Karatasi nimeziweka mwisho, lakini wewe zianze. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu ifanane tarakimu kwa tarakimu na ile ya hati, na jina la hati liwe la huyo anayeuza. Palipogongwa namba pakiwa pamesagwa au pamepakwa rangi mbichi, hakuna bei nzuri ya pikipiki hiyo.

Kwenye kupatana, usiseme "punguza kidogo". Andika kwenye karatasi: matairi mawili, cheni, betri, jumla hii hapa. Muuzaji hubishana na maneno. Orodha yenye bei za dukani humnyamazisha.

Ukishaifikisha nyumbani, kabla hujaipeleka popote, badilisha oili na mafuta ya breki. Ile oili ya zamani imwage kwenye beseni jeupe, uiache itulie, kisha uiinamishe juani. Weusi hauna neno. Chengachenga zinazometa chini ndizo za kutafuta, na ukizikuta, mpigie fundi siku hiyohiyo, kabla hujaiwasha tena.