Bango la duka: lipi ununue kwanza, lipi uache mwisho

Kabla ya kumuuliza fundi bei, nenda ukasimame pale mteja anapoliona duka lako kwa mara ya kwanza, kisha pima umbali hadi ukutani. Wanunuzi wengi hufika kwa fundi na ukubwa wa bamba tu, "mita mbili kwa moja", wakati kinachosomwa ni herufi. Bamba ghali lenye herufi ndogo ni hasara iliyotundikwa juu.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: kila mita 3 za umbali, kimo cha herufi sentimita 2.5. Duka linalotazamwa kutoka mita 15 linahitaji herufi za sentimita 12 au 13. La mita 30, sentimita 25. Nusu ya hapo bado hutambulika, ila kwa mtu aliyesimama akakaza macho. Mwenye gari hasimami. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa anakata karibu mita 14 kila sekunde, hivyo bango linaloanza kusomeka mita 40 kabla halijafikiwa linampa chini ya sekunde tatu. Atashika jina na neno moja linaloeleza unauza nini. Orodha ya huduma saba na namba tatu za simu zipeleke kwenye kioo cha mlango.

Unene wa mstari wa herufi uwe kama moja ya tano ya kimo chake, na angalau theluthi ya bango ibaki tupu. Kwa rangi, piga picha ya sampuli kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nyekundu juu ya nyeusi, au ya njano juu ya nyeupe, zitamezana papo hapo. Nyeusi juu ya njano na nyeupe juu ya buluu iliyokoza hubaki wazi.

Sasa bidhaa zenyewe, kuanzia tunayoipendekeza zaidi.

1. Bamba la alumini la tabaka. Ni karatasi mbili za alumini zilizobana plastiki katikati, kwa kawaida unene wa milimita 3. Ni jepesi, halishiki kutu, hukaa limenyooka, na linazifaa biashara nyingi. Uliza unene wa karatasi yenyewe ya alumini: milimita 0.3 ni imara, ilhali zile nyembamba sana hubonyea na kuonyesha mawimbi jua likipiga ubavuni. Kisha uliza stika inayobeba maandishi ni ya aina gani, maana hapo ndipo watu huibiwa bila kujua. Stika ya bei nafuu hutengenezwa kwa kuvutwa kati ya rola, ikabaki na hamu ya kurudi ilikotoka. Joto likizidi hunywea, na pembezoni huacha mstari wa gundi unaokusanya vumbi. Stika iliyomiminwa haina mvuto huo, hivyo hudumu miaka mingi zaidi. Iliyochapishwa ifunikwe kwa leya, yaani utando mwangavu wa juu, inayozuia miale ya jua, la sivyo nyekundu na njano zitapauka kabla ya buluu na nyeusi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu; za kawaida hulia machozi ya kahawia juu ya jina lako.

2. Herufi za kusimama zenye taa, yaani kila herufi imeundwa peke yake ikiwa na taa ndani. Kwa biashara ya usiku hakuna kinachozishinda, lakini ubovu wake huwa ndani, usikoonekana siku ya kukabidhiwa. Jumlisha wati za taa zote, kisha hakikisha pawa saplai, kifaa kinachozilisha taa umeme, ina nafasi ya ziada: taa za wati 80 zipewe ya wati 100. Ikifanya kazi ukingoni mwa uwezo wake hupata moto na kufa mapema. Taa za volti 12 zikifungwa kwenye mstari mmoja mrefu, herufi za mwisho hufifia kwa sababu umeme hupungua njiani. Dai mstari ugawanywe. Kila herufi iwe na tundu dogo chini la kutolea maji, na pawa saplai ifikike bila kubomoa ukuta.

3. Boksi la taa. Ni sanduku lenye taa ndani na uso unaopitisha mwanga. Bei yake ni nafuu kuliko ya herufi za kusimama na hufanya kazi ileile kwa kiasi kikubwa. Kosa la kawaida ni boksi jembamba lenye taa zilizoachana mno: uso hujaa madoa ya mwanga. Kosa la pili ni mandhari nyeupe tupu, ambayo usiku hung'aa hadi kumeza maneno. Chagua mandhari ya giza na herufi zinazopitisha mwanga.

4. Bati lililoandikwa kwa mkono. Lingepanda nafasi kama waandishi wazuri wa mabango wangekuwa wengi. Hurekebishika kwa brashi, na mkono hodari husomeka vizuri kuliko chapa mbovu. Ila bati jipya lenye zinki halitaki rangi ya mafuta moja kwa moja: zinki huivuruga kwa chini na rangi huchomoka vipande vipande. Itangulie praima, yaani rangi ya msingi, iliyotengenezwa maalumu kwa bati lenye zinki.

5. Plastiki ya povu. Kwa ndani ni safi na nafuu. Juani, ubao wa mita 2 unaweza kutanuka milimita 4 joto likiongezeka kwa nyuzi 30, na ukibanwa kwa skrubu kwenye matundu finyu hupinda.

6. Turubai la kuchapwa. La tangazo la wiki chache. Lisipungue gramu 440 kwa mita ya mraba, kingo zikunjwe, ringi za kupitishia kamba ziwe kila sentimita 50. Usikubali kukatiwa matundu ya upepo. Hayapunguzi msukumo kwa kiasi cha maana, na turubai huanza kuchanika hapohapo.

Kabla ya kulipa malipo ya awali, chapisha herufi moja ya jina lako kwa ukubwa wake kamili, ibandike ukutani kwenye kimo cha bango, na urudi pale ulipopimia. Ikikulazimu kusogea mbele ili uione, mwambie fundi aongeze kimo na apunguze maneno.