Vampaya gani anastahili bando lako? The Vampire Diaries, The Originals, True Blood na Interview with the Vampire

Wapenzi wa vampaya tukikutana tu ugomvi unaanzia kwa Damon na Stefan, wale ndugu wawili vampaya wa The Vampire Diaries, nani alimpenda binti Elena zaidi, na unaishia hapohapo, wakati mtu anayetaka kuanza kuangalia leo anataka kujua kitu kingine kabisa: ipi kati ya hizi tamthilia ukishaingia nayo haikuachi njiani? Maana bando linauma jamani. The Vampire Diaries peke yake ina episodi 171, misimu 8, kuanzia Septemba 2009 mpaka Machi 2017, The Originals ina 92, True Blood 80, na Interview with the Vampire ndo fupi kuliko zote, misimu yake miwili ya kwanza ni episodi 15 tu. Zote hizo nimeangalia, nyingine nimerudia, na nina maoni makali kidogo. Nitataja na miisho, kwa hiyo kama hutaki kuharibiwa utamu ishia hapa urudi ukishamaliza.

Kipimo changu ni kimoja, kifo. Vampaya hazeeki, akichomwa kisu kidonda kinajifunga palepale, ukimvunja shingo anaamka baada ya muda analalamika, sasa kama na watu wanaomzunguka nao hawafi, au wanakufa wiki hii wiki ijayo wamerudi, mi nabaki naogopa nini? Tumezoea steringi hafi, sawa, kwenye muvi ya ngumi hiyo inakubalika kabisa, ila huku steringi alishakufa tangu kabla hujakaa kwenye kochi, kwa hiyo uchungu wote lazima utoke kwa wale wanaoweza kuondoka moja kwa moja. Tamthilia ikianza kulichezea hilo imekwisha, hata kama waigizaji wazuri kiasi gani.

Tuanze na The Vampire Diaries maana ndo iliyowaingiza wengi. Misimu mitatu ya kwanza ni tamu mno, yaani inakimbia, jambo ambalo tamthilia nyingine ingelivuta msimu mzima hawa wanalimaliza ndani ya episodi mbili. Na walikuwa wanaheshimu sheria zao. Mwisho wa msimu wa kwanza Katherine, vampaya wa siku nyingi, amerudi mjini, anafanana na Elena kama mapacha (wote anawacheza Nina Dobrev), yuko kibarazani anambusu Damon, Damon anadhani ni Elena, shangazi Jenna anafungua mlango anamwambia usiku umeingia, njoo ndani. Basi. Kwa neno hilo tu Jenna amemkaribisha vampaya ndani ya nyumba bila kujua, maana vampaya haingii kwa mtu mpaka akaribishwe. Anaenda moja kwa moja jikoni, anachukua kisu, John, mtu wa ukoo wa Elena, yuko pale anaongea naye kwa upole, vidole vinakatwa, na pete inayomlinda John asife inaenda na vidole. Hakuna muziki wa kelele wala nini, ni jiko la kawaida tu na ubao wa kukatia mboga. Nimeiangalia hiyo sehemu mara nyingi na bado nashika vidole vyangu. Na Nina Dobrev apewe maua yake, ukishamzoea unajua huyu ni Katherine kwa jinsi anavyotazama tu, hata kabla hajasema kitu.

Msimu wa nne ndo naupenda na ndo nauchukia. Jeremy, mdogo wake Elena, anauawa, na ile pete ya ukoo wao haimrudishi kwa sababu yeye kashakuwa mwindaji mwenye nguvu zake, sio binadamu wa kawaida tena, yaani sheria ileile waliyotufundisha toka mwanzo ndo inayotuumiza, hapo wameandika vizuri sana. Elena, ambaye naye kashakuwa vampaya, anakataa kukubali, baadae anaanza kumwaga mafuta ndani ya nyumba aliyokulia, analia mpaka hapumui, Damon anamwambia zima, zima utu wako wote, na ule uso unabadilika mbele ya macho yetu, kilio kinakatika kama umeme, anaachia kiberiti. Mi nililia kama nimefiwa. Halafu msimu haujaisha wanamrudisha Jeremy! Huo ndo msiba wangu na hii tamthilia. Kuanzia hapo kila mtu akifa najiuliza tu atarudi lini na nani atalipia, na wa kulipia tunamjua, ni Bonnie.

Kuhusu Bonnie nitasema kwa sababu watu wanapita haraka sana. Bonnie Bennett, anaigizwa na Kat Graham, mchawi, binti mweusi, ndo anayewaokoa wote misimu yote minane. Bibi yake anakufa kwa uchawi wa kuwasaidia hao ndugu wawili, mama yake anageuzwa vampaya ili Elena apone, yeye mwenyewe anakufa kwa kumrudisha Jeremy, na shukrani anayopata ni kupigiwa simu kuna shida nyingine njoo haraka. Sasa peleka macho True Blood: Tara, rafiki wa damu wa Sookie ambaye ndo steringi wa kike, mweusi pia, mdomo mkali, mateso juu ya mateso, na wanamuua mwanzoni kabisa mwa msimu wa mwisho, mwaka 2014, tena hatuonyeshwi hata anavyokufa, mama yake analia tu na sisi tunaambiwa ndo basi. Wale tuliomfuata Tara misimu sita tulistahili kumwona akifa akiwa anapigana. Hizi ni tamthilia za kusini mwa Marekani, Virginia, Louisiana, nchi ya utumwa, halafu wanawafanya hawa mabinti wawili kuwa wa kubeba mizigo ya wenzao. Sipunguzi neno hapo.

Ila haki itendeke, msimu wa sita wa The Vampire Diaries uliamka tena, na aliyeuamsha ni huyohuyo Bonnie. Yeye na Damon wanakwama kwenye dunia tupu ambayo kila siku ni tarehe 10 Mei 1994, jua linapatwa kila siku saa ileile, hakuna watu, supamaketi imejaa vitu hakuna wa kuuza, na wanagombana juu ya chapati za maji anazopika Damon kila asubuhi. Watu wawili waliokuwa hawapendani wanakuwa ndugu. Hapo urafiki wao ulinigusa kuliko mapenzi yote ya Damon na Elena, kiukweli. Baada ya hapo Nina Dobrev akaondoka 2015, Elena akalazwa usingizi wa kichawi kwenye jeneza, misimu miwili ikaenda bila yeye, na ingawa episodi ya mwisho walimrudisha na Stefan akafa kwa heshima, katikati pale ni pa kuvumilia tu.

The Originals sasa. Hii ilizaliwa kutoka The Vampire Diaries, ilianza Oktoba 2013, na kwangu ni mtoto aliyempita mama yake. Wapo New Orleans, ukoo wa Mikaelson, vampaya wa kwanza duniani, miaka elfu moja wanaapizana milele na daima huku wanachomana visu na kufungiana kwenye majeneza. Hapa hakuna mambo ya shule na sherehe za kijijini, hapa ni familia. Nani hajui familia ambayo kaka mkubwa anamfunika mdogo kwa kila uovu mpaka na yeye anaoza? Huyo ndo Elijah. Suti safi, leso mfukoni, adabu zote, halafu anang'oa moyo wa mtu anafuta mkono. Daniel Gillies (Elijah) na Joseph Morgan (mdogo wake, Klaus) wakiwa wawili chumbani huhitaji kitu kingine.

Na kuna Marcel. Klaus anamwona kwa mara ya kwanza akiwa kitoto cha kitumwa, hana hata jina, mama yake hakumpa kwa kuogopa hataishi, anachapwa mjeledi, na badala ya kulia anaokota tufaa anamtwanga nalo anayemchapa. Klaus, ambaye baba yake alimchapa hivyohivyo, anamchukua anamlea kama mwanae. Kila ugomvi wao wa baadae, kugombea mji, usaliti, sumu, unarudi kwenye lile tufaa, ndo maana sio ugomvi wa adui na steringi, ni mtoto na baba, na mtu unashindwa uwe upande gani. Msimu wa tatu Cami, mwanamke wa moyo wa Klaus, anang'atwa, na sisi tumezoea damu ya Klaus inatibu, misimu yote imetibu, anampa haitibu. Anampa tena. Klaus wa miaka elfu hana la kufanya. Na Cami hakurudishwa akaendelea na maisha, akafa akafa kweli. Tarehe 1 Agosti 2018 ikaisha, Klaus na Elijah wako pamoja, kila mmoja na kipande cha mwaloni mweupe, mti unaoweza kuwaua, wanamalizana kwa wakati mmoja ili Hope, binti wa Klaus, aishi. Sijaona mwisho wa tamthilia ya vampaya uliolipa deni lake hivyo. Udhaifu upo, wachawi wamejaa mno kila msimu wanatoka mababu wapya wana kinyongo, msimu wa pili unaweza kupotea nani kaingia mwili wa nani. Vumilia tu.

True Blood ya HBO, 2008 mpaka 2014, sitaki kuisema vibaya yote. Wazo lake ni kali, Wajapani wametengeneza damu ya chupa, vampaya wametoka mafichoni wanadai haki zao kama raia, wana na wasemaji kwenye TV. Misimu mitatu ya kwanza inatisha kwa raha. Russell Edgington, vampaya wa karibu miaka 3000, mpenzi wake kauawa, anazunguka na mabaki yake kwenye chombo cha kioo anaongea nayo, halafu anavamia studio ya habari, anang'oa uti wa mgongo wa mtangazaji mubashara, anakaa kwenye kiti chake anahutubia taifa. Unaogopa na unamhurumia kwa pamoja, kwa sababu huzuni ile ni ya kweli. Baada ya hapo wakaleta majini ya kizungu, chui, wachawi, mizimu, kila mtu mjini ni kitu fulani, na kila kitu kikiwa cha ajabu hakuna cha ajabu tena. Lafayette, binamu yake Tara, peke yake ndo alibaki mtamu mpaka mwisho, Nelsan Ellis mungu amrehemu, alifariki 2017, kwenye vitabu huyo mhusika anakufa mapema lakini kwenye TV walimwacha na ndo uamuzi bora waliowahi kufanya. Halafu hii usifungue sebuleni mbele ya wazazi, uchi ni mwingi kweli, nimeonya.

Sasa Interview with the Vampire ya AMC, iliyoanza Oktoba 2022. Hii naiweka juu ya zote na wale wa tim Damon wanisamehe. Louis, anachezwa na Jacob Anderson, ni mtu mweusi New Orleans miaka ya 1910, ana hela, ana madanguro, amevaa vizuri, na bado wazungu wenye mji wanamwita kijana. Asubuhi baada ya harusi ya dada yao, yeye na mdogo wake Paul wako juu ya paa, wamecheza pamoja, wamecheka, jua linachomoza, Paul anapiga hatua moja mbele anaenda chini. Hakuna onyo. Hapo bado Louis ni binadamu, na hicho kifo kinamfuata mpaka mwisho, anapogeuzwa na Lestat, vampaya mpenzi wake, anageuzwa akiwa amebeba maiti moyoni. Na anapata nguvu za kuua mtu kwa mkono mmoja, lakini akimuua mheshimiwa mzungu mmoja wenzake wanakuja kuuchoma mtaa wa weusi. Uvampaya haukumtoa kwenye rangi yake. Hicho ndo The Vampire Diaries hawakuthubutu kukigusa kwa Bonnie.

Tena anasimulia haya yote akiwa Dubai, kwenye ghorofa la juu huko, Dubai hii ya ndugu zetu wanakoenda kutafuta maisha, mbele ya mwandishi wa habari mzee mgonjwa anayemkatiza kila akidanganya. Kwa hiyo huamini kila unachoonyeshwa, tukio moja linarudi mara ya pili likiwa na mvua ambayo mwanzo haikuwepo. Sam Reid kama Lestat anakupendeza na kukuchukiza kwenye sentensi moja. Na Claudia, mtoto aliyegeuzwa akiwa na miaka 14, akili inakua mwili umegoma. Msimu wa pili, episodi ya saba, Paris, wanamhukumu jukwaani, na watu waliolipa kiingilio wanacheka na kupiga makofi wakidhani ni maigizo, yeye anaungua na jua anawatazama machoni mmoja mmoja. Delainey Hayles alistahili kila tuzo kwa hiyo sura. Hakurudi. Hakuna mganga, hakuna pete.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama bando ni dogo anza na Interview with the Vampire, episodi 15 unamaliza wikiendi mbili, ila tafuta yenye maandishi chini maana Kifaransa kipo na Louis anaongea haraka. Kama una muda, angalia The Vampire Diaries mpaka mwisho wa msimu wa nne, hamia The Originals mpaka iishe, halafu urudi kwa ajili ya msimu wa sita tu. True Blood mitatu ya kwanza inatosha.