Safari ya boti Mto Wami, Saadani: panga kwa maji ya bahari
Ukitoka Bagamoyo ukaizunguka Hifadhi ya Taifa ya Saadani kwa gari tu, umeacha nusu yake. Twiga, kuro na tohe utawaona nyikani, lakini viboko, mamba na ndege wa majini wako Mto Wami. Boti inastahili kila shilingi, mradi saa ya kuondoka ifuate maji ya bahari, si ratiba ya hoteli.

Sababu ni mdomo wa mto. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga na tope hubaki wazi: mamba huota jua, ndege hudonoa kaa. Yakijaa, tope lote hufunikwa na ndege hupanda mikokoni. Basi ondokeni maji yanapoanza kujaa. Boti ikikwama fungu wakati huo, maji yenyewe yataiinua; ikikwama yakiwa yanapwa, mtakaa juani saa kadhaa. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, pwani hii hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo saa nne na nusu ni wakati mwafaka. Kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, saa nne huwa yamejaa; wahini jua linapochomoza. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Mkipanda juu ya mto, angalieni matawini: mbega mweusi mwenye nywele nyeupe mabegani hutulia sana, ni rahisi kumpita. Kwa viboko, umakini zaidi. Kiboko mzima anaweza kuzama dakika tano hivi, kwa hiyo maji matulivu si dalili kwamba hayupo. Nahodha mzuri hupunguza mwendo mapema na kumwachia njia ya kukimbilia kwenye kina. Anayemsogelea ili abiria wapige picha, mwambieni arudi nyuma, tena bila aibu. Na kila mtu avae jaketi okozi kabla mashine haijawashwa.

Langoni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hawapokei fedha taslimu. Andaa kadi au omba namba ya malipo. Uliza kama bei ya boti imejumuisha kiingilio. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, zinavuta mbung'o. Machi hadi Mei udongo mweusi hunasa hata gari la magurudumu manne. Heroe (flamingo) wakikosekana mtoni, waulizie kwenye mabwawa ya chumvi, kaskazini mwa kijiji cha Saadani.