Pawa saplai ya mashine ya gemu ya zamani, chukueni hii ya boksi la bati

Jamani wenye mashine za gemu za kizamani, zile za kusimama za kutia sarafu, pawa saplai, yaani kile kiboksi cha kuipa mashine umeme, ikifa msikimbilie kutia ya kompyuta. Bodi za gemu za JAMMA, mpango wa kuunga waya za mashine hizi uloanza Japani 1985, zataka volti 5, volti 12 na -5 pia, na hiyo -5 ndo saplai nyingi za kompyuta za siku hizi hazina, kwa hivyo baadhi ya bodi gemu litawaka vizuri tu lakini sauti hamna. Mie nimechukua hii ya boksi la bati, ilotengenezwa kwa mashine hizi, zote tatu zimo, na wallahi nimekipenda kile kiskrubu cha kupandisha na kushusha volti 5. Mkipima pimeni kwenye bodi yenyewe gemu likiwa linacheza, maana waya nazo zinakula kidogo, ikifika 5 mpaka 5.1 basi, ukizidisha unaunguza chipu na hapa Unguja utazipata wapi. Halafu ile swichi ya 110 na 220 iangalieni kabla ya kuchomeka, umeme wetu 230. Kilonikera ni skrubu za kufungia waya za umeme mkubwa ziko wazi, hata kipande cha plastiki cha kufunikia hawakutia, na mashine hizi watoto ndo wanazizunguka.