Siku nzima kwenye bustani ya wanyama na mtoto wa miaka mitatu na nusu: uzoefu wangu

Kwa wiki kadhaa kabla ya safari hii, binti yangu alikuwa akidai jambo moja tu: kumsikia simba akinguruma. Simba tulimwona. Alikuwa amelala chali kivulini, miguu juu, na kwa muda wote tuliosimama mbele ya kioo hakutikisa hata sikio. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lalamiko ninalolisikia mara nyingi kwa wazazi wenzangu, na kwa kweli si haki kumlaumu mnyama, kwani simba hupumzika kati ya saa 16 na 20 kwa siku, na sisi tulifika kwake saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ninachoilaumu bustani ni lile bango kubwa la langoni lenye simba aliyeachama kinywa, ilhali hakuna kibao hata kimoja kinachomwambia mgeni kwamba afadhali aanzie kwa simba asubuhi na mapema.

Sisi tuliingia mara tu lango lilipofunguliwa, ila nilifuata mshale wa kwanza nilioukuta, na mshale huo ulitupeleka kwenye bwawa la heroe. Sijutii. Binti yangu aligundua kabla yangu kwamba baadhi yao walikuwa wa kijivu, akataka kujua kama ni wachafu. Jibu lilikuwepo kwenye kibao, ila kibao chenyewe kimepachikwa usawa wa kifua cha mtu mzima na maandishi yake ni madogo mno, hivyo ikabidi nimsomee: wekundu wa heroe hutokana na rangi iliyomo katika mwani na vidudu vidogo vya majini wanavyokula, na vifaranga huchukua muda kabla ya kuipata. Akaniuliza kama yeye naye akila karoti nyingi atabadilika rangi. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba rangi ya karoti na ile ya heroe ni za jamii moja, na kwamba mtoto anayekula karoti kupita kiasi ngozi yake huweza kweli kuelekea manjano.

Kwa twiga, bustani hii inastahili sifa zote. Wamejenga jukwaa la mbao lililoinuliwa hadi usawa wa kichwa cha mnyama, na mtunza wanyama huwapa watoto matawi ya majani wamlishe wenyewe. Ulimi wa twiga una urefu wa karibu nusu mita na ni mweusi kuelekea zambarau. Kwenye picha jambo hilo halishangazi, lakini ulimi huo unapojizungusha kwenye tawi ulilolishika kwa mkono wako, mambo hubadilika. Binti yangu aliliachia tawi akajificha nyuma ya miguu yangu, kisha akaomba jingine. Mtunza, aliyekuwa na subira ya ajabu, alimweleza kwamba shingo ile ndefu ina mifupa 7 tu, sawasawa na shingo yake mwenyewe, na kwa nusu saa iliyofuata mtoto alitembea akijipapasa kisogoni akiitafuta mifupa hiyo. Kasoro ni moja: ukingo wa jukwaa umezibwa kwa mbao hadi juu, kwa hiyo mtoto mfupi haoni chochote asipobebwa, na mikono ya mzazi ina mwisho wake. Ngazi ndogo ya kukanyagia ingetosha kabisa.

Banda la nyoka tulipita haraka, kwani lina giza na joto, na mtoto wa familia nyingine alikuwa akilia kwa sauti.

Kilichonipendeza zaidi siku hiyo sikukitarajia. Kobe wakubwa wa Aldabra wamewekwa kwenye uwanja wa nyasi uliozungushiwa ukuta mfupi unaofika magotini mwangu, bila kioo wala wavu, na huenda hapo ndipo mahali pekee katika bustani nzima ambapo mtoto wa umri huu anamtazama mnyama macho kwa macho bila kuinuliwa na mtu. Tulikaa hapo zaidi ya dakika 40. Kobe mmoja alitoka upande wa pili wa uwanja kufuata rundo la majani, na binti yangu alimsubiri njia nzima, akimhimiza kwa sauti ya chini kana kwamba anaogopa kumshtua. Nilipomwambia kwamba kobe hawa huweza kuishi zaidi ya miaka 100, aliniuliza, "Baba, kwa hiyo huyu ni babu ya nani?" Sikuwa na jibu, na mtunza aliyekuwa akifagia karibu nasi hakuwa nalo pia.

Onyesho la kuwalisha ngwini ndilo lililoniudhi. Tulifika robo saa kabla, tukakuta watu wazima wamejipanga mbele na watoto wamebaki nyuma yao wakitazama migongo. Nilipomwuliza mhudumu kama kuna nafasi iliyotengwa kwa watoto, alinijibu kwa upole, "Baba, mpandishe tu mabegani," nami nikafanya hivyo, nikawa nimemziba mama aliyekuwa nyuma yangu na mwanawe.

Kuhusu huduma nyingine, vyoo vilikuwa safi na vina masinki ya kimo cha watoto, na vivuli vya kupumzikia ni vingi. Kigari cha mtoto tulichokodi langoni kilikuwa imara, ila daraja linaloelekea kwa tembo lina ngazi tupu, hivyo nilikibeba begani huku mtoto akitembea kwa miguu. Njia ya kutokea inapita katikati ya duka la vinyago vya wanyama, mpango ambao mzazi yeyote mwenye mtoto aliyechoka atauelewa mara moja, na hataupenda.

Kwa jumla naipa bustani hii nyota 4 kati ya 5. Tiketi yetu inaturuhusu kurudi mara moja zaidi ndani ya mwezi huu, na tutarudi siku ambayo si ya mapumziko, bila kigari, tukianzia kwa simba kabla jua halijapanda, kisha moja kwa moja kwa kobe, ngwini tutawaacha.